Nendeni kwa Mshamu

Kibiti, 2 Juni 2025

Dada Hajira,

Kama kati ya hapa na Beira kuna mtu mwenye bahati kuliko mdogo wako, basi bado yuko tumboni kwa mamaye, na akizaliwa atakuja kuniomba radhi. Shikamoo lakini. Nisije nikajisifu mpaka nikasahau adabu. Mgongo unaendeleaje? Binti yako Muzdalifa bado anakataa wachumba, au sasa wachumba ndio wanamkataa? Mimi mzima kama chuma, na meza yangu ya viatu vya mtumba hapa stendi inakwenda. Nakuandikia karatasi kwa sababu huko shambani mtandao umeshindwa kupanda ngazi ya dungu lako la kufukuzia ndege, na nahodha Zaidi anasema barua zangu ni nyepesi kuliko maneno yangu.

Sasa bahati yenyewe. Unaukumbuka mchezo wetu wa besiboli, ule aliouleta Mjapani wa kujitolea akatuachia magongo na glovu za ngozi. Najua hutaki kuusikia. Nivumilie kidogo tu. Mwisho wa Julai timu ya Kibiti inakwenda mashindanoni Dar es Salaam, na kocha ni nani? Ni huyu huyu aliyeachia shule darasa la sita. Natakiwa nipeleke majina tisa. Nane ninayo. La tisa ndilo lililonikondesha: mlinzi wa katikati. Nyuma kabisa uwanjani wanasimama watatu, mmoja kushoto, mmoja kulia, na huyu wa katikati, mwenye eneo kubwa kuliko wote. Mpira ukipigwa juu, nusu ya mbingu ni yake. Tangu mwaka jana mwezi wa nne pale hapakai mtu. Nikimweka mmoja, siku ya pili anaomba kuhamia pembeni. Wanasema majani ya pale yana ubaridi. Nawaambia ubaridi wa nini, hapa Kibiti, hata maji ya kisima yanatoka yamechemka!

Haruna, yule kijana wa Ngarambe, anapataka sana. Anajirusha chini kama samaki anayerudi majini, watu wanapiga makofi mpaka mama ntilie wanaacha kukaanga. Nilikuwa karibu kumwandika.

Basi Mungu akaniletea mtu. Anaitwa Abdulrazaq. Gongo likilia tu, wenzake wanainua macho, yeye keshageuka, keshaupa mpira mgongo, anakwenda zake kama anayejua nyumba anayoitwa. Anatazama juu mara moja. Mpira ukishuka unamkuta amesimama anausubiri. Na akiudaka anaguta, "Nendeni kwa Mshamu!" Timu nzima hoi kwa kicheko. Nimekaa Dar miaka saba, nimefika bandari ambazo majina yake hayaandikiki, mtu kama huyo sijamwona.

Nipongeze basi, hata kwa mstari mmoja.

Mdogo wako,
Bushiri


Mbwera, 11 Juni 2025

Bushiri,

Marahaba. Tupo hai, alhamdulillahi. Mgongo ni ule ule. Mpunga umeanza kuinama na ndege wamejua kabla yetu. Muzdalifa anasema umwache.

Tangu boti ya boriti izame mlangoni mwa mto mwaka jana, wawili wakapatikana na mwanangu Ridhiwani asipatikane, jina la mchezo huo likitajwa hapa naondoka. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu. Mchezo siujui. Kulinda najua, maana kazi yangu ni kuamia ndege tangu nikiwa na wewe mgongoni.

Huyo Haruna anajirusha kwa sababu amechelewa kuondoka. Mtu aliyeondoka mapema hana haja ya kujitupa chini, anafika kwa miguu yake na hakuna anayempigia makofi. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo na kombeo. Uliwarushia ndege udongo pale walipo, ukifika wao wameshahama, halafu unaruka na kupiga kelele ili mama akuone umefanya kazi. Usimtazame mtu wakati mpira unadakwa. Mtazame wakati gongo linalia. Weka kijiti pale aliposimama, weka kijiti pale alipoudakia mpira, uone nani anafika mbali.

Nina swali. Mpira ukianguka kwa sababu mtu hakufika kabisa, mnamwandikia kosa? Au anaandikiwa yule tu aliyefika na ukamponyoka?

Na huyo Abdulrazaq. Anatanguliza mguu gani? Kabla mpira haujapigwa mikono yake anaiweka wapi? Kwao ni wapi? Nijibu sawasawa, bila mbwembwe.

Dada yako,
Hajira


Kibiti, 18 Juni 2025

Dada,

Shikamoo tena na tena. Hapa wote wazima, joto tu ndilo linaumwa. Nimecheka peke yangu mezani mpaka mteja akarudisha kiatu, kadhani namcheka mguu. Dada yangu umekuwa kocha! Ningekuwa na wewe hapa tungekwenda mpaka Tokyo, wangetupokea kwa maua na wali mbichi wa samaki.

Umeuliza kosa. Kwenye daftari letu anaandikiwa aliyeugusa ukamponyoka. Ambaye hakufika haandikiwi kitu. Nimeliangalia daftari la mwaka mzima, Haruna ana makosa mawili tu. Nikajisemea kumbe ni malaika! Halafu nikakumbuka mipira iliyokwenda kulala vichakani huku yeye bado anajikung'uta vumbi. Daftari linampenda mvivu. Nimefuata ushauri wako, nimekata vijiti kwenye mwarobaini wa msikitini. Imamu ameniuliza najenga nini, nikamwambia najenga jina.

Abdulrazaq anatanguliza kushoto. Kabla ya mpira kupigwa anajifuta kiganja pajani, mara mbili. Akingojea anapiga mluzi chini chini, wimbo hauna mwanzo wala mwisho. Kwao hapasemi. Ukimuuliza anacheka, anakwambia, "Kocha, mimi ni wa hapa hapa." Kijana hana maneno mengi, na mimi ninayo ya kutosha wawili, kwa hiyo hatujagombana.

Mambo ndiyo hayo. Bahati, dada. Bahati imenikalia kama kofia.

Mdogo wako,
Bushiri


Mbwera, 27 Juni 2025

Bushiri, ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sikuulizi hali kwa sababu nataka nimalize kabla Zaidi hajaondoka na maji.

Mshamu ni jirani yetu. Shamba lake linapakana na letu kwa upande wa mto. Kila dungu lina ukelele wake, ili aliye mbali ajue nani yuko macho. Wa Mshamu ni "Hoya we." Wetu tangu zamani ulikuwa kupiga debe tu. Aliyewaambia ndege "Nendeni kwa Mshamu" ni mtu mmoja, alianza akiwa na miaka saba, na Mshamu alikuja kulalamika kwa babake. Wewe ulikuwa Dar wakati huo. Hakuna mtu Kibiti anayeweza kuyajua maneno hayo. Na mguu wa kushoto. Na kujifuta pajani.

Sijui kwa nini anajiita Abdulrazaq. Labda maji yamemchukua akili akasahau. Au anakumbuka vizuri na ananiogopa. Sijakwambia hili. Asubuhi aliyoondoka tuligombana. Nilimwambia mtu mzima hakimbizi mpira wakati mpunga wa mamake unaliwa. Nikaichukua glovu yake nikaitupa kwenye tope, akaondoka bila kuichukua na mimi sikumwita. Baadaye nilikwenda kuifukua. Nimeikausha, naipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, imelainika kuliko ilivyokuwa.

Wazee walitaka tusome hitima baada ya mavuno, wanasema mwaka umepita na mtu asiachwe hewani. Leo nimewaambia hapana. Nimewaambia mbele ya watu, mwanangu anacheza mpira Kibiti. Mshamu amelia.

Nampa Zaidi hiyo glovu. Usimwambie imetoka wapi. Iache mahali atakapoiona, mkono wake utaijua. Mimi navuna, nikimaliza navuka Ijumaa tarehe 11 Julai. Nitakaa pembeni tu. Nitatazama gongo likilia.

Mungu akulipe. Miaka yote nilikuona mtu wa maneno.

Dada yako,
Hajira


Mbwera, 5 Julai 2025

Bushiri,

Hujambo? Zaidi anasema alikukabidhi mkononi, barua na glovu, na kwamba uligeuka ukaanza kupanga viatu. Wewe, bila utani hata mmoja?

Ameiona? Andika neno moja tu.

Hajira


Kibiti, 9 Julai 2025

Dada Hajira,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta bado upande huo. Nitampa Zaidi mkononi na nitamwapisha asimpe mtu mwingine, hata Muzdalifa. Keti chini kwanza.

Siku kumi hizi nimeanza barua nyingi. Zote zilianza na utani, nikazichana. Sasa naandika hivi hivi, inatoka kama inavyotoka.

Nianze na vijiti, kwa sababu hilo ni la kweli. Jumamosi niliwapigia Haruna na wenzake mipira, kila mtu ishirini, nikifanya ulivyoniambia. Haruna alidaka kumi na mmoja, saba kwa kujitupa, na makofi yakasikika mpaka stendi. Halafu akaingia Michael, mtoto wa nesi Consolatha, wale waliohamia kutoka bara. Kijana mpole, sikuwahi kumtazama mara mbili. Alidaka kumi na sita. Alijitupa mara moja. Watu walikuwa wananunua karanga. Nilipokwenda kupima, vijiti vyake vimeachana hatua nyingi kuliko vya mtu yeyote. Yaani mlinzi nilikuwa naye mwaka mzima na daftari halikumjua. Lakini wote niliwapima upande wa kushoto, dada. Katikati sikumpeleka mtu. Michael aliniuliza, "Kocha, mbona hatusogei?" Nikamfokea.

Nilikuandikia kwamba wachezaji ndio wanaoogopa majani ya pale. Niliwasingizia. Hakuna aliyeomba kuhama. Mimi ndiye ninayewahamisha. Mtu akisimama pale namwona Ridhiwani, akinigeukia ni sura ya mtu mwingine, nashindwa kuvumilia.

Ridhiwani alikuja hapa mara tatu kucheza, na mara zote alisimama pale. Ukelele ule niliusikia kwake. Alinieleza habari za Mshamu, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Nilipokuandikia mara ya kwanza sikukumbuka kwamba na wewe unaujua. Mtu akitaka kumsifu mlinzi hodari anamsifu kwa alichokiona, na mimi nilichokiona ni kimoja. Mkono ukaandika tu. Uliponiuliza mguu, nikadhani umeanza kuupenda mchezo. Nilifurahi, dada. Mwaka mzima hukuniandikia zaidi ya mistari miwili. Nikaona ukiniuliza nitakujibu, nisije nikakupoteza tena.

Jambo jingine. Ile wiki ya boti, yeye alitaka kungoja boti ya abiria siku ya pili yake. Mimi ndiye niliyemwambia apande ile ya boriti ili awahi mechi. Nilimwambia kwa simu, "Mlinzi wa katikati hangoji." Nilijiona nimesema maneno mazuri. Kama hukumwita arudi achukue glovu, mimi nilimwita aje. Usijihesabie peke yako.

Na hili utaniona nimeharibikiwa, lakini nimeapa kukuandikia yote. Mwezi wa tano nilikuwa nimebaki uwanjani peke yangu baada ya mazoezi, jua bado lipo. Nikaurusha mpira mwenyewe nikaupiga, ukaenda juu sana, kule katikati. Kabla haujashuka nikasikia, "Nendeni kwa Mshamu." Wala si kwa mbali. Nilikwenda kuutafuta mpira mpaka magharibi, nikapiga magoti, nikapapasa majani yote. Sikuupata hadi leo. Kesho yake nikakaa nikakuandikia barua ya bahati, ikachukua wiki mbili kuimaliza. Sauti niliisikia. Hilo sikukudanganya.

Glovu yako ilipofika niliiweka mezani kati ya viatu. Inanuka nazi. Wateja watatu wameuliza, nimewafukuza. Nimeivaa mara moja, vidole vyake ni virefu kuliko vyangu, nikaivua.

Usivuke Ijumaa. Nakuja mimi siku hiyo hiyo, nitapanda boti Nyamisati alfajiri. Nitasimama mbele ya wazee na mbele ya Mshamu, niseme kwa mdomo wangu nilivyokutia aibu, na hitima isomwe, na nitakaa kuamia mpaka ndege wa mwisho. Glovu naileta. Ukitaka tuizike badala ya mwili wake tutaizika, ukitaka nimpe Michael nitampa. Jina lake nimeliandika leo la tisa, nikampeleka katikati. Amesimama pale vizuri tu. Alijifuta mikono kwenye shati.

Bado nazunguka. Zaidi yuko nje, anapiga honi ya bodaboda inayomrudisha kwenye boti yake.

Sina bahati yoyote, dada. Abdulrazaq hayupo na hajawahi kuwepo. Hapa uwanjani hakuna mwanao. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Bushiri