Roboti Iliyozoea Mlima

Jumamosi, jioni. Ukungu umeshuka hadi kwenye bati, miguu inauma, na nina furaha isiyomstahili mtu aliyeshika mkia.

Maana tumeshika mkia. Wa mwisho kabisa.

Leo nimewapeleka wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita Morogoro mjini, kwenye mashindano ya watoto ya kubuni roboti. Yao ni ya kubebea karoti: boksi la mbao, mota ya redio mbovu, magurudumu ya kandambili. Mwalimu mkuu alitupa chumba cha kuitengenezea, na juzi akanikumbusha bila kuficha kwamba tukirudi mikono mitupu, chumba kinarudi kuwa stoo ya mahindi ya uji. Watoto walikuwapo, walisikia.

Ukumbini wakaiweka kwenye vigae vinavyong'aa. Ikapinda. Ikazunguka, ikazunguka tena, kama kuku aliyefungwa mguu. Watoto wa shule nyingine wakacheka, na siwalaumu.

Kosa nililiona papo hapo. Huku kwetu mlimani hakuna tambarare, hata uwanja wa mpira una goli la juu na goli la chini. Watoto waliijaribu roboti kwenye vijia vya shambani vinavyokata ubavu wa mlima, wakaipa magurudumu makubwa upande wa bondeni na madogo upande wa mlimani, ili boksi likae sawa na karoti zisimwagike. Muhula mzima nimeitazama ikienda vizuri. Mimi, mzaliwa wa Shinyanga kwenye mbuga tambarare, nilisahau kwamba kuna ardhi iliyolala.

Mficha uchi hazai, basi niseme na hili. Wakati wa chai nilijificha nayo nyuma ya ukumbi, bisibisi mkononi, nibadilishe magurudumu, ingawa sheria inakataza mtu mzima kuigusa. Nilikuwa nawaza kile chumba tu. Yustina, mmoja wa wale watatu, akanikuta. Huyu ni mtoto ambaye darasani humsikii mpaka umwite mara mbili.

"Mwalimu, iache," akasema. "Haijaharibika. Ni hapa tu hapajainama."

Niliona aibu. Nikarudisha bisibisi mkobani.

Yeye mwenyewe akamwendea jaji, akampa shikamoo, akaomba meza moja iinuliwe upande. Jaji akamjibu kwamba alama hazitabadilika, ila wote wakishamaliza anaweza kuonyesha. Basi zamu ilipofika wakaweka matofali chini ya miguu ya upande mmoja wa meza, na Yustina akatia kikombe cha maji ndani ya boksi. Roboti ikaenda mwanzo hadi mwisho wa meza kwa mstari mmoja, na maji hayakumwagika. Ukumbi ukapiga makofi. Nililia, ndiyo, mbele za watu.

Lakini makofi hayabebeki kupanda nayo mlima. Mwalimu mkuu alikuwa anatusubiri nje ya ofisi. Akaangalia vyeti vya ushiriki, akauliza kama wamepewa wote. Nikasema wote. Akaguna, kisha akataka kuiona roboti yenyewe.

Yustina akaiweka ikatize mteremko wa mbele ya ofisi, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye mlingoti wa bendera. Mwalimu mkuu akaifuata, mikono nyuma, akachuchumaa pembeni yake muda mrefu.

"Na ikigeuza kurudi," akauliza, "haya makubwa si yatakuwa upande wa mlimani?"

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo. Hata mimi.

"Bado hatujui, mwalimu," Yustina akasema.

Mwalimu mkuu akatoa ufunguo wa kile chumba mfukoni, akampa yeye, si mimi. Akasema kazi hiyo waanze nayo Jumatatu, baada ya vipindi.

Tangu tulipoagana sijawaza kingine. Nimechora magurudumu nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, nimefuta, nimechora tena, na sasa hivi nadhani jibu nimelipata.

Sitawaambia.