Mlango wa Baba Uliokuwa Midia

Nyuma ya msikiti,
Koboko mjini.
12 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Hakim,

Assalaam alaikum. Hujambo huko Nakuru? Mgongo wa Shakira umepata nafuu? Na yule mtoto wenu mdogo ameacha kukohoa? Baridi ya huko siiamini kabisa, mimi ilinilaza siku tatu tu nilizokaa kwenu. Huku sisi wazima, Alhamdulillahi, ila goti langu na vumbi. Mvua bado haijafikiria kuja.

Naandika barua kwa sababu simu yako ina watu wengi. Nikikupigia tu, mkeo anaweka spika, na nyumba nzima inacheka kabla sijafika kwenye neno. Hili nataka ulisome peke yako, ukiwa umekaa.

Nyumba ya marehemu mama inaendelea vizuri. Mabati ya zamani tumeyashusha, mapya yameshapigwa, na sebuleni kuna vigae. Fundi ni Lokule, baba wa watoto sita. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, maana kila nililosema aliitikia ndiyo. Fundi asiyebishana ana lake jambo! Basi nikaweka kiti karibu na mchanga, nikakaa hapo kila siku mpaka simenti ikachanganywa mbele ya macho yangu. Jioni nilikuwa nakwaruza plasta kwa msumari nione kama itamomonyoka. Haikumomonyoka, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Makochi ya Arua uliyoyaona kwenye picha sikuyanunua. Niliinua kitambaa cha chini nikakuta maboksi na magunia yaliyokunjwa. Muuzaji akanuna, nami nikanuna zaidi yake. Nimetengenezewa viti vya mbao hapa hapa. Shika somo hilo: kigeuze kiti kabla hujakikalia.

Kwenye mlango wa mbele ndipo niliposhikwa. Niliununua Arua, muuzaji akaniapia kwamba mbao zimekauka. Wiki moja tu, ukajikunja hivi kwamba ukiufunga, paka anapita chini bila kuinama. Lokule akautazama, akanitazama, akasema, "Mama, wacha hii. Kule kijiji ya Midia kuna mulango moja ya mvule, iko kwa Mzee Amandu. Mimi nilibadilisha bawaba yake. Ile ata mvua haiwezi yeye."

Hakim, moyo ulinipasuka. Unajua ninavyomfahamu Amandu. Tuliporudi kutoka ukimbizini Congo na kukuta nyumba yetu haina mlango, mimi nilisema ni yeye, kwa sababu alirudi mwaka mmoja kabla yetu na kila mara alipokutana na mama aliangalia chini. Nilisema hivyo miaka yote. Mama alikuwa ananiambia tu, "Mastula, funga mdomo." Nilidhani anaogopa.

Nikaenda Midia kama mtu anayetafuta simsim ya kununua. Mzee hakuwepo. Nikajifanya kamba ya kiatu imelegea, nikainama mlangoni. Chini kabisa, upande wa ndani, nikaiona: 4417. Namba ya baba ya jeshi, aliyoichoma kwa chuma cha moto kwenye kila kitu chake, ndoo, kiti, hata mpini wa jembe. Na kwenye kona zote nne mtu ametoboa matundu makubwa. Nililia kwa hasira, wallahi. Wizi, na juu yake wameuharibu!

Kesho yake nilirudi na mwenyekiti wa LC, yule wa serikali ya mtaa, na wazee wawili. Nilimwita Amandu mwizi mbele ya wajukuu zake. Hakupandisha sauti. Aliomba kiti, akakaa karibu na ule mlango, akaweka kidole kwenye tundu moja.

"Hapa ilipita kamba," akasema. "Siku ya kukimbia vita, mama yako alikuwa na uchungu, hawezi kutembea. Baba yako aling'oa mulango, tukatoboa, tukafunga miti ya kubebea. Mbele mimi, nyuma yeye. Asubuhi tulivuka mpaka ya Congo. Mutoto alizaliwa juu ya hii mbao, njiani."

Mtoto huyo ni wewe, Hakim.

Mimi nilikuwa na miaka saba, nilikuwa nimetangulizwa na Shangazi Zuhurah siku mbili kabla. Mama alipotufikia alikuwa na wewe mgongoni, na hakuna aliyenieleza lolote. Baba alipofariki kule miezi minne baadaye, watoto tulizuiwa kwenda kaburini. Amandu anasema hapakuwa na jeneza la msikiti, kwa hiyo walimbeba baba juu ya mlango ule ule. Alipourudisha kutoka makaburini, mama alimwambia aupeleke mbali, macho yake yasiuone tena, na watoto wake wasiambiwe. Akaahidi. Aliporudi nchini akaupachika nyumbani kwake, akanyamaza.

Unanijua, sikumwamini papo hapo. Nilipanda boda mpaka Kuluva kwa Shangazi. Nilitaja mlango tu, sikuongeza neno, akavuta kanga usoni akaanza kulia. Akanieleza yale yale, mpaka ya zile kamba.

Sasa nasema lililonikalia kifuani. Kwenye mazishi ya mama, Amandu alikuja akakunyooshea mkono, na wewe ukaurudisha wako mfukoni. Ni mimi niliyekunong'oneza, "Huyo ndiye mwizi wetu." Yule mzee akajifuta mkono kwenye kanzu yake akaenda kukaa nyuma. Kumbe alikubeba kabla hata baba hajakushika. Dhana yangu ilikufundisha ukosefu wa adabu, mdogo wangu, na mzigo huo ni wangu.

Nimerudi Midia kuomba msamaha mbele ya wale wale wajukuu. Amandu alisema mama ameshapumzika, kwa hiyo ahadi imekwisha, na mlango urudi kwenye nyumba ya mama. Lokule alitaka kuuleta kwa pikipiki siku hiyo hiyo. Mzee akakataa. (Nikamshuku tena kidogo, Mungu anisamehe, tabia haiishi kwa siku moja.)

Ule wa Arua nimemrudishia muuzaji, naye aliupokea bila kunitazama. Sasa mlangoni nimetundika pazia, na usiku naegemeza bati kwa ndani. Lokule ameacha nafasi kwa kipimo cha zamani.

Msalimie Shakira sana, mwambie spika nimemsamehe. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu, Lokule pia, ingawa hamjuani. Mwenyezi Mungu akulinde safarini, maana safari ipo: njoo kabla ya Idi. Mlango uko palepale Midia. Mzee Amandu ana miaka themanini, lakini anasema upande wa mbele bado ni wake, na upande wa nyuma, alioshika baba, hampi mtu mwingine. Anakungoja wewe.

Ni mimi dada yako, mwenye mdomo mrefu na anayekupenda,
Mastula