Nyumba Moja Katika Nchi Tatu

Yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Durban wanasifia samaki wa baharini, lakini hapa dukani kwetu, mtaa wa Umbilo, tuko mafundi cherehani wawili tusiowapenda samaki hao: mimi na Mzee Karim wa Bangladesh. Kwao ni tambarare na mito, kwetu ni ziwa. Mchana tukila, yeye anatamani samaki wa mtoni, mimi ndagala zako za mawese, wale dagaa wa ziwani kwetu.

Leo ameniambia alizaliwa India, akaoa Pakistani, na baada ya vita mtoto wake wa mwisho akazaliwa Bangladesh, yote hayo katika nyumba ileile. Nchi ilibadilika, yeye hakuhamisha hata kitanda. Mwishowe ni mto uliokula ukingo ukaibeba nyumba.

Akaniuliza nchi yangu. Nikasema Zaire, halafu nikakumbuka kwamba sasa ni Kongo. Hakucheka. Aliuliza tu, "Na nyumba yenu iko?"

Nikamjibu iko, na dada yangu amekaa mlangoni anachambua ndagala. Tangu vita vianze upya huko Kalemie sijasikia neno lako. Niandikie, Yaya, nijue kama sikumdanganya mzee wa watu.

Anayekuwaza kila akila,
mdogo wako Amani