Mafuta ya Mkono wa Zuhura

Mama yangu Bi Rukia,

Assalamu alaykum. Nakushika miguu kutoka huku milimani Lesotho, nikiomba miguu yenyewe iwe haikuumi tena, na mtaa wetu mzima wa Jadida uwe salama. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Alfajiri naswali nimejitanda blanketi kama wenyeji.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Nimeona nisikujibu kwa simu, bali barua ije pamoja na chupa, Maryam akusomee. Mwanangu naambiwa anasoma vizuri siku hizi, nami nataka umsikie.

Uliniuliza mafuta tunayokamua huku kazini ni ya nini hasa, hata niyasifie hivyo. Ni ya mbegu za waridi la mwituni, mama. Si marashi, wala hayanukii. Ua likishapukutika hubaki tunda dogo jekundu, na ndani yake mbegu zenye vinyweleo vinavyowasha kama upupu. Siku ya kwanza nilijikuna mpaka wenzangu wakanionea huruma. Mbegu zinakaushwa, zinakamuliwa bila moto, yanatoka mafuta mepesi ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni ya jamaa ya ile iliyomo kwenye karoti na papai bivu. Mna vitamini E kidogo, na sehemu kubwa ni mafuta ya omega-6 na omega-3, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Ngozi kavu ikiyapata hulainika, haipotezi maji ovyo. Wauzaji wengine husema yamejaa vitamini C. Hiyo imo kwenye nyama ya tunda, kwenye mafuta haimo, na sitaki umwambie mtu uongo kwa jina langu.

Mwanzoni nilifanya mambo ya Kipemba. Mtoto aliyelelewa juu ya majamvi ya kuanikia karafuu huamini kila kitu kizuri lazima kipate jua, basi nikayapanga mafuta mapya dirishani kwenye chupa nyeupe, yapigwe jua barabara. Baadaye nikafungua moja, nikanusa, nikajua yamekwisha: yananuka kama samaki aliyelala. Nikamwendea Mama Palesa, msimamizi wetu. Hakunifokea, aliniuliza tu nimejuaje upesi hivyo. Nikamwambia mama yangu ndiye anayewatengenezea maharusi singo ya kusugulia mwili kwetu Wete, na pua yangu imekulia kwenye kinu chake. Tangu hapo hapana pipa linalofungwa huku mpaka nilinuse mimi. Sikufichi mama, natembea kifua mbele.

Sasa la Zuhura na kovu la mkono wake. Uliniambia, "Nambia kweli, hilo kovu litaondoka kabla ya harusi?" Maana mdogo wangu ameapa mkono wa kushoto hautiwi hina, na mbele ya wakwe zake wa Mtambile atavaa mikono mirefu mpaka vidoleni.

Kweli yenyewe ni kwamba halitaondoka. Mafuta haya yatalilainisha, na pengine baada ya miezi rangi yake itapoa kidogo, lakini ngozi iliyoungua hairudi ilivyokuwa. Apake matone machache jioni akitoka kuoga. Kwanza ajaribu padogo, aone kama hapawashi. Usiyapashe moto, usiyatie kwenye singo yenye karafuu, na tafadhali usiyaanike. Yakae kabatini kwenye chupa yake nyeusi.

Ila kulificha kovu lile mimi sikubali. Maryam, mwanangu unayesoma, sikiliza. Hukuwahi kuambiwa kwa sababu mama yako mdogo alitukataza. Ulikuwa ndiyo kwanza unatambaa, ukaivuta sufuria ya maji ya moto jikoni kwa bibi yako. Zuhura hakungoja kutafuta kitambaa, aliupeleka mkono wake kati yako na maji yale. Wewe hukupata hata alama. Nilipomlilia, alinijibu na yeye machozi yanamtoka, "Mie n'na mikono miwili, yeye ana uso mmoja." Nimeona mengi huku ugenini ya kujivunia, lakini hakuna lililofikia hilo.

Mama, nisalimie ami yangu Mzee Hamad na mikarafuu yake, shangazi wa Kiuyu aliyenifungia kashata za safari, na jirani yetu Bi Mize anayekupa habari zangu kabla sijazituma. Na somo wa Zuhura, anayemfunda kwa harusi, mwambie hina ya mkono wa kushoto aipandishe mpaka kiwikoni, juu ya kovu, watu waione.

Mafuta haya usimpake wewe, mama. Maryam, ukimaliza kusoma, fungua chupa, umshike mama yako mdogo mkono.

Ni mimi mwanao, na mama yake Maryam,
Salma