Pumzi ya Wanawake wa Kwetu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu. Ukiniuliza mimi, ni mzima kiasi cha mtu anayeandikia kwenye kitanda cha hoteli kilichobonyea katikati. Mgongo unauma, meno mawili ya mbele yanacheza, mengine namshukuru Mungu.

Barua yako ilinifuata miji mitatu. Unasema binti yako anataka kupiga saksafoni, nawe umeifungia kabatini, na unaniomba mimi, fundi wa familia, nimwandikie kwamba wanawake wa kwetu hawana pumzi. Nimeianza barua hiyo mara nne. Zote nimezichana.

Kwanza usinionee wivu. Miaka ishirini na mbili ya muziki wa jazi nimeijua miji kwa milango ya nyuma: mapipa, jikoni, ngazi, jukwaa, kisha basi. Watu wanakula, mimi napiga. Juzi bwana mmoja alinipungia mkono katikati ya wimbo, nikainama kushukuru, kumbe alikuwa anaomba chumvi. Na meno haya yakitoka, mdomo hautashika saksafoni tena. Kiongozi wa bendi ameshaanza kuniita babu, na anamjaribu mpigaji mwingine mimi nikienda kwa daktari.

Sasa yaliyonifanya nichane zile barua. Siku kiongozi alipokuja kutusikiliza kwenye ukumbi wa shule, tulikuwa wawili, saksafoni moja, na nafasi moja tu kwenye bendi. Wewe ulinizidi. Baba alijua, hata jirani aliyekuwa akigonga ukuta tunyamaze alijua, maana zamu yako ikifika hakugonga. Kila mmoja wetu alikuwa na mwanzi wake, kile kipande chembamba kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni ili itoe sauti. Unakumbuka tulivyokuwa tukiukwangua kwa wembe ulainike, na baba akituonya kwamba ukizidisha kidogo tu umeuharibu. Asubuhi ile wako ulikuwa umelowekwa kwenye glasi, nawe ulikwenda kupiga pasi gauni lako. Nikachukua wembe.

Ulipopuliza, ikapiga ukelele. Ukaacha, ukaanza upya, ikawa yale yale. Kiongozi akasema kwa upole kwamba pumzi za wanawake ni fupi, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ukaamini. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini lile langu ulilila peke yako.

Pumzi yako haikuwa na kasoro, dada. Sikuombi msamaha, kwa sababu najua ningekuwa wewe nisingetoa. Ninachokuomba ni mtoto apewe saksafoni yake leo, hata kabla hujamaliza kunilaani.

Nisalimie shemeji, na wote wanaoniulizia. Mtoto usimpe salamu zangu kwanza, mpaka uamue kama bado anaye mjomba.

Ni mimi,
mdogo wako.