Baba Zuhura, Usishuke na Hiyo Baiskeli

Mpendwa mume wangu, Baba Zuhura,

Hapa Buyenzi tu wazima, alhamdulillah, ila mimi usingizi umenikimbia. Mwenzako wa baiskeli, Saidi, ameshafika. Anasema umebaki huko juu milimani Bugarama kungojea kabeji, na utashuka barabara ikitulia. Nakuomba kitu kimoja, na nakujua ulivyo mkaidi: usishuke ukiwa juu ya hiyo baiskeli.

Unakumbuka tulipokuwa wachumba? Ulinipakia nyuma tukashuka kutoka Rohero, miguu yako imetulia kwenye pedali, gurudumu linajiendea lenyewe, nami najifanya naogopa ili nikushike kiuno. Zilikuwa raha hizo, usinikatalie.

Kisha vikaja vikwazo vya biashara na vita, vipuri vikakosekana, na kile kigia cha nyuma kinachoacha pedali zipumzike kilipokufa, fundi akakichomelea moja kwa moja kwenye gurudumu. Tangu hapo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Breki za mkono zilishakufa zamani. Ukanipakia tena tuijaribu kwenye mteremko uleule. Safari hiyo nilikushika kiuno kwa hofu ya kweli, maana nilisikia mwili wako wote ukitetemeka kwa kuzuia pedali. Mama mmoja akakatiza na kapu lake la mboga za lengalenga. Ulisimama, ndiyo, lakini tulikuwa tumeshampita mbali, naye ameokoka kwa kurukia mtaroni. Ukacheka, ukaniambia, "We unaogopa bure. Miguu yangu njo freni." Breki gani hiyo?

Siku ile mzigo ulikuwa mimi tu, nami si mnene. Sasa utakuwa na magunia ya kabeji.

Saidi anasema askari wameweka bariyeri mpya ya kuzuia njia, chini kidogo ya kona kali. Mtu haioni mpaka ameifikia. Yeye ana breki nzima, na bado alilazimika kujitupa barabarani, goti lote limechunika. Walikuwa wameshamwelekezea bunduki. Aliponieleza hayo niliingia ndani nikalia.

Sizitaki hizo kabeji. Ziuze hukohuko kwa bei yoyote, ushuke kwa miguu ukiikokota baiskeli, hata wenzako wakikucheka. Zuhura akiuliza baba yuko wapi, namwambia yuko njiani, halafu neno hilo lenyewe linanitisha.

Barua hii nampa dereva wa lori anayepanda huko kesho. Sikuifunga, maana najua bariyerini wataifungua tu. Basi nanyi kaka zangu mnaoisoma hapo, nisikilizeni. Mume wangu ni mwembamba, amevaa kofia nyeupe, baiskeli yake nyekundu. Mkimwona anatokea konani kwa kasi na hasimami, msipige. Hatakuwa anawakimbia. Atakuwa anajaribu kusimama.

Anayekungoja mlangoni,
mkeo, Mama Zuhura