Kikombe cha Pili cha Mwalimu Karisa

Mwalimu Karisa,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya shahidi mmoja ambaye ni mjusi wa ukutani, natangaza kwamba leo saa tatu asubuhi Bibi Harusi ameenda haja kubwa. Nimesimama nikaitazama kwa furaha ambayo hata mwanangu alipofaulu mtihani hakuipata. Ulizoea kusema, "Safari, nyoka haandiki barua. Ukitaka habari zake, tazama anachoacha." Basi barua yake ndiyo hiyo, na yangu ni hii.

Bustani yako ya nyoka hapa Dabaso ingalipo. Lango bado halifunguki mpaka lipigwe teke. Na mimi, bawabu wako wa miaka tisa, mzee mwenye kitambi anayeruka akiona kamba imelala chini, siku hizi naitwa mtaalamu. Haya, cheka umalize.

Wageni wakija nafunga mikono mgongoni kama wewe na kuiba sauti yako. "Huyu ni kipiri wa mtini, nyoka wa sumu akaaye juu ya miti. Kwao ni Asia, Afrika nzima hakuna wa aina yake. Alikuja na mzungu, mzungu akarudi kwao, yeye akabaki." Nawaonyesha mkia ulivyolishika tawi, na vile vishimo viwili kati ya jicho na pua. Nawaambia hatagi mayai, anazaa. Na hamfukuzi mtu, yeye hungoja tu chakula kipite. Nawaeleza na jina la Bibi Harusi ulilompa: kutwa amekaa palepale, kapambwa kwa kijani, watu wanamkodolea macho, naye hamtazami yeyote.

Lile la vishimo ndilo nililolipenda kuliko yote. "Kwa vishimo hivyo anaona joto," uliniambia. "Wewe kwake huna sura, Safari. Wewe ni wingu la moto linalopita na ufagio." Adhuhuri, maji ya bahari pale Mida yakiwa yametoka na mikoko imenyamaza, nilikuwa nafumba macho nijaribu kuona kama yeye. Kuku alikuwa kaa la moto lenye miguu. Wewe na chai yako mlikuwa mianga miwili. Mkeo, Mama Kadzo, akitoka jikoni na sahani ya muhogo, alikuwa jua dogo linalopita chini ya mikorosho. Kila kitu kikielea, hakuna kuta, hakuna majina... Halafu nasinzia, nawe unanirushia kokwa la embe.

Bado nafumba macho. Ila upande wa kiti chako pana giza.

Mwalimu, kuna jambo. Siku ya kukuzika waliniambia niseme neno, na unanijua, mbele za watu ulimi wangu hukimbia peke yake. Nikasema, "Hata Bibi Harusi amegoma kula tangu Mwalimu atutoke." Uwanja mzima ukalia. Mama Kadzo akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipomaliza kufukia. Tangu hapo kila Ijumaa alikuja, akasimama mbele ya kizimba, akauliza, "Bado yuamlilia?" Nami nikajibu, "Bado, Mama." Akaondoka mabega yamemshuka kidogo, kama mtu aliyesaidiwa mzigo. Walikuja watu hata kutoka Adu kumwona nyoka mfiwa.

Na nyoka mfiwa akazidi kukonda. Mgongo ukatokeza kama mshono wa gunia.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Kila Alhamisi meza yako ilikuwa na vikombe viwili: kimoja cha chai, kimoja cha maji moto, na ndani yake panya wa kwenye friji, amefungwa katika mfuko wa nailoni. Miaka tisa nilidhani unamyeyusha barafu tu. Kwa hiyo ulipoondoka nikawa namwacha ayeyuke mwenyewe kwenye sahani, kisha nampelekea kwa koleo huku nimegeuza uso. Bibi Harusi hakuusogeza hata ulimi. Nikaamini kweli analia.

Mpaka alasiri moja panya yule alinidondoka, nikamwokota kwa mkono. Alikuwa baridi. Baridi ileile... Mwalimu, nilipokuaga nilikugusa vidole. Nikasimama pale na panya mkononi, nikaelewa. Bibi Harusi hakugoma. Hakuwa anaona kitu. Nilikuwa nampa giza, na giza haliliwi.

Hapo ilifaa nichemshe maji. Sikuchemsha. Nilikaa wiki nzima nikijua, kwa sababu akila, Ijumaa nitamwambia nini Mama Kadzo? Na kwa sababu nyoka anayeona chakula huruka, na mimi ni mwoga. Sababu hizo mbili, sijui ipi ilikuwa kubwa. Ningemuua mnyama wako kwa ajili ya hotuba yangu.

Ijumaa alipokuja nilimwambia yote. Akasema, "Kumbe aliye na njaa ndiye tuliyemwita mfiwa," akaenda jikoni kwake, akarudi na kikombe chako cha pili kikitoa mvuke. Alisimama nyuma yangu wakati nafungua kizimba. Nikamsogezea kwa koleo panya aliyepata joto. Bibi Harusi aligeuza kichwa polepole, kwa mara ya kwanza tangu ufe, halafu sikuona chochote, nilisikia tu koleo limevutwa. Nilipiga kelele. Mama Kadzo alicheka mpaka akakaa kwenye kiti chako.

Alipofuta machozi aliinua kiganja mbele ya wavu, kwa mbali. Kichwa kikamfuata. "Yuanijua?" Mara hii sikudanganya. "Hapana, Mama. Ahisi joto tu."

"Joto latosha," akasema.

Lala, Mwalimu. Kila Alhamisi maji yatakuwa moto, na panya nitamgusa kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Bawabu wako,
Safari